Kiingereza cha Madam Nanjala

Siku walimu walipopewa soseji kwa chai ya saa nne, Nanjala alijua kuna jambo. Miaka tisa alikuwa amefundisha katika shule ile ya kibinafsi ya Loresho, na miaka tisa chai ya saa nne ilikuwa chai na kipande cha mkate, basi. Asubuhi hiyo kulikuwa na soseji, mayai, hata paipai limekatwakatwa vizuri kwenye sahani. Mwenye shule akasimama karibu na dirisha, akaeleza jinsi wazazi wanavyohamisha watoto, jinsi darasa lililokuwa na wanafunzi thelathini sasa lina kumi na wawili. Kisha akavaa miwani na kusoma majina. La Nanjala lilikuwa la nne. La Nzembi, rafiki yake aliyefundisha hesabu, lilikuwa la mwisho kabisa. Na Nzembi, ambaye alikuwa ameanza kupumua, akarudisha soseji yake sahanini polepole kama mtu aliyekutwa anaiba.

Walitoka langoni pamoja, kila mmoja na katoni ya vitu vyake. Wakatembea hadi barabara ya Waiyaki Way.

"Sasa tutafanya nini, Mama Ivyne?" Nzembi akauliza.

"Tutatafuta. Kwani Kiingereza kinaoza?"

Nanjala hakuwa akijigamba. Kiingereza ndicho kitu pekee alichokuwa na hakika nacho duniani. Baba yake alikuwa karani wa mahakama huko Webuye, mtu wa maneno machache, na kila jioni alimketisha binti yake mezani amsomee gazeti kwa sauti. Akikosea kutamka neno, mzee hakusema kitu. Aligonga meza kwa penseli mara moja, na msichana akarudia. Alirudia hadi penseli ikanyamaza. Alipokuwa sekondari alishinda mashindano ya kukariri mashairi, na mgeni mmoja wa heshima akamuuliza aliishi Uingereza miaka mingapi. Baba yake alilisimulia jambo hilo hadi anaingia kaburini.

Lakini ule ulikuwa mwaka mbaya wa kutafuta. Shule alizopelekea barua, kutoka Kinoo hadi Karen, nazo zilikuwa zikipunguza watu. Kazi za kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha, zilizowahi kulisha nusu ya vijana wa Uthiru, zilikuwa zimekufa. Mashine iliandika bure na haikuchoka. Wazazi aliokuwa akiwafundishia watoto nyumbani walimwambia kwa upole kwamba watampigia simu mambo yakikaa sawa. Mambo hayakukaa sawa. Ivyne, bintiye wa miaka kumi, alihamishiwa shule ya serikali, akawa anarudi nyumbani na vumbi hadi magotini na maswali ambayo mama yake hakuwa na majibu yake.

Ni Nzembi aliyesikia habari za Mbugua. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu katika jengo moja la Tom Mboya Street, juu ya duka la sare za shule, na wote wawili walipanda ngazi wakiwa tayari kudanganywa, maana mawakala wa kazi za nje walikuwa wamewala watu wengi. Walimkuta mzee mpole mwenye sweta la kufumwa, ambaye naye aliwahi kuwa mwalimu. Hakuwaomba hata shilingi.

"Mimi hulipwa na shule za huko," alisema. "Na nitawaambia ukweli, kwa sababu nikiwadanganya mtarudi hapa kunipigia kelele. Kuna shule ya watoto wadogo huko Mashariki ya Mbali. Inataka mwalimu wa Kiingereza. Lakini wakisema mwalimu wa Kiingereza, hao watu huwa wanamaanisha mtu wa zile nchi zao saba." Akazitaja, zile ambako Kiingereza ni lugha ya mama, kuanzia Uingereza, akikunja kidole kwa kila moja. "Kenya haimo."

"Mzee, sisi tunasoma kwa Kiingereza tangu nasari," Nanjala akasema. "Mitihani yetu yote ni Kiingereza. Hata kesi zetu kortini."

"Mimi najua. Wewe unajua. Wao hawajui, na hakuna mwenye haja ya kuwaambia." Akainamia meza. "Lakini uchumi umewabana hata wao. Wale wa nchi saba wamekuwa ghali, shule ndogo haziwawezi tena. Kwa hivyo wameanza kuangalia upande huu, kimyakimya. Nafasi ni moja. Rekodini sauti mkisoma hadithi, mlete na picha mbili, moja ya uso na moja mmesimama. Tutaona."

Wakarekodi pale pale, mmoja baada ya mwingine, wakiisomea simu ya mzee hadithi ya kuku na kunguru. Nanjala alisoma kana kwamba baba yake yuko mezani. Nzembi alisoma haraka, akijikwaa, akirudi nyuma, na alipomaliza alijicheka mwenyewe. "Mimi ni mtu wa kutoa na kujumlisha," alisema wakishuka ngazi. "Hiyo kazi ni yako. Ukifika huko utanitafutia ya hesabu."

Picha walizipeleka kesho yake, na jibu likaja baada ya wiki moja. Mbugua aliwaita wote wawili, jambo ambalo Nanjala alilishangaa njia nzima. Walipoketi, mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena.

"Mama Ivyne, wanasema sauti yako ni nzuri sana. Mwenye shule ameisikiliza mara mbili. Lakini wanamtaka mwenzako."

Nzembi aligeuka kumtazama Nanjala, mdomo wazi.

"Na sauti yake?" Nanjala akauliza.

"Wanasema iko na wasiwasi. Wanataka kuisikia tena, wampigie simu Alhamisi."

"Kwa hivyo ni picha."

"Hawajaandika hivyo."

"Wameandika vipi, mzee?"

Mbugua alitazama simu yake ingawa alikuwa ameshaujua ujumbe kwa moyo. "Wameandika kwamba wazazi watampenda huyu."

Nzembi alikuwa mweupe, wa ule weupe wa maji ya kunde ambao mama yake alimwambia tangu utotoni kwamba utamfungulia milango. Nanjala alikuwa mweusi tititi, kama baba yake. Hakuna mtu chumbani aliyelitamka jambo hilo. Chini barabarani kijana alikuwa akiuza soksi kwa kipaza sauti.

Walirudi kila mtu kivyake. Siku mbili Nanjala hakupokea simu ya mtu. Alipika, alifua, alimsaidia Ivyne kazi ya shule, na mara kwa mara alijikuta amesimama mbele ya kile kioo kidogo cha ukutani bila kukumbuka alichofuata pale. Hakumchukia Nzembi. Alijaribu kumchukia, akashindwa. Nzembi ndiye aliyelala naye hospitalini siku tatu mwaka ule aliopoteza mimba, akimdanganya matroni kwamba ni dada yake wa tumbo moja.

Jumatano asubuhi Nzembi alibisha mlango. Hakuketi.

"Nimekuja kukuomba kitu ambacho sina haki ya kukuomba," alisema.

"Usiseme."

"Mwenye shule atakuwa safarini, atapiga simu ya sauti tu. Hatakuona. Hataniona."

"Nimesema usiseme, Nzembi."

"Baba watoto hajapata kazi ya mjengo tangu Februari. Mama mwenye nyumba ametoa mlango kwa deni la kodi, Nanjala. Ameng'oa mlango wa nyumba na watu wakiwa ndani. Tumeweka pazia." Machozi yalimtoka bila sura yake kubadilika. "Nikiongea mimi, tutakosa wote wawili. Ukiongea wewe, mmoja atapata."

Hapo ndipo Nanjala aliposhindwa, kwa sababu ilikuwa kweli. Wakikosa wote wawili, hakuna haki itakayokuwa imetendeka. Kutakuwa tu na watu wawili waliokosa.

Alhamisi saa nne alikuwa Riruta, nyumbani kwa Nzembi, nyuma ya lile pazia. Watoto walikuwa shuleni. Nzembi aliketi ukingoni mwa kitanda amekumbatia mto, na simu ilipolia alimpa Nanjala kama mtu anayempa mwenzake mtoto mchanga.

Nanjala alijitambulisha kwa jina la Nzembi. Halikumpalia kama alivyoogopa. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa na sauti ya uchangamfu na Kiingereza cha kukatikakatika. Aliuliza kuhusu nidhamu, kuhusu nyimbo za watoto, kuhusu afya. Kisha akauliza: wewe, kwa nini unaipenda lugha hii?

Nanjala alikuwa amejiandalia jibu la kitabuni. Badala yake akajisikia akieleza juu ya meza ya Webuye. Alieleza juu ya gazeti, juu ya penseli iliyogonga mara moja, juu ya mzee ambaye hakuwahi kumwambia binti yake kwamba anampenda ila alinyamaza pale neno lilipotoka sawasawa. Alieleza kwa Kiingereza kilichonyooka kama uzi uliopakwa nta, na mwanamke wa upande wa pili hakumkatiza. Alipomaliza, yule mwanamke alisema hajasikia Kiingereza kizuri hivyo miaka mingi, na kwamba barua ya kazi itakuja wiki hiyo.

Nanjala alirudisha simu. Alijihisi kama aliyevuliwa nguo sokoni, na waliomvua wakampigia makofi.

"Umempa baba yako," Nzembi akasema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo. Sasa ni wako. Usimsahau ukiulizwa."

Wiki sita za kungojea viza walizitumia kufundishana. Kila asubuhi Nzembi alikuja Uthiru, wakaketi kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba, na Nanjala akamrudisha kwenye neno lile lile mara kumi, mara ishirini. Nzembi alijitahidi mpaka akaumwa kichwa. "Watanijua siku ya kwanza," alikuwa akisema. "Watanirudisha na ndege ile ile iliyonipeleka." Nanjala alimwambia hapana, halafu akiwa peke yake alijiuliza ni jambo gani hasa analoliombea. Siku ya safari hakwenda uwanja wa ndege. Alisema Ivyne ana homa. Ivyne hakuwa na homa.

Wiki tatu baadaye Nanjala alikuwa akianika nguo kwenye kamba ya ploti wanamopanga, asubuhi, simu ikalia. Ilikuwa Nzembi, na sauti yake ilikuwa imenenepa.

"Mama Ivyne! Hakuna aliyeuliza!"

"Hakuna aliyeuliza nini?"

"Chochote! Ni watoto wa miaka mitatu, dada. Tunaimba rangi. Tunaimba siku za wiki. Mimi nacheka nao tu, wanapenda kunishika nywele. Na mwenye shule mwenyewe alikuja darasani siku ya kwanza, nikatetemeka, nikaongea naye vile tu ninaongea. Unajua aliniambia nini? Ati Kiingereza changu ni kizuri, kama kile alichosikia kwenye simu."

"Alisema hivyo?"

"Neno kwa neno."

Nanjala alicheka. Alimwambia Nzembi ashukuru Mungu, ale vizuri, avae nguo za joto. Alipokata simu aliacha nguo zilizobaki kwenye beseni, akaingia ndani na kuketi sakafuni, mgongo umeegemea kitanda.

Hawakusikia tofauti. Hilo ndilo lililomvunja. Zaidi ya picha, zaidi ya Alhamisi ile. Kama Nzembi angegunduliwa na kurudishwa, ingekuwa huzuni, lakini angalau mtu mahali fulani angekuwa amesikia kwamba sauti hii si ile. Jioni zote zile za Webuye, penseli yote ile, halafu masikio yaliyokuwa yakinunua hayakuweza kutenganisha kitambaa na gunia. Alikaa pale hadi Ivyne aliporudi kula chakula cha mchana na kukuta hakuna chakula.

Nzembi hakumsahau. Alimwombea nafasi kwa mwenye shule, akazungumza na shule ya jirani. Mara mbili jibu lilirudi zuri, hadi walipoomba picha.

Desemba ilipokaribia, Nanjala alisoma tangazo lililobandikwa kwenye mlingoti wa stima pale Riruta: wafanyakazi wa nyumbani wa kwenda Uarabuni, mafunzo mwezi mmoja, wanaojua Kiingereza watapewa nafasi ya kwanza. Alilisoma akaenda zake. Kesho yake akarudi kulisoma tena. Kituo chenyewe kilikuwa kando ya Naivasha Road, juu ya karakana ya mbao, na mwenyewe alikuwa mama mmoja mnene mwenye haraka, Madam Virginia. Kwenye fomu, mahali pa elimu, Nanjala aliandika kidato cha nne. Shahada aliiacha nyumbani ndani ya bahasha yake.

Ivyne alimsikiliza akiwa amesimama, mkoba wa shule bado mgongoni.

"Utakuwa mwalimu huko?"

"Nitaangalia watoto."

"Wa kufundisha?"

"Wa kuangalia tu. Kuwalisha, kuwaogesha."

Mtoto alifikiri. "Na mimi nitaangaliwa na nani?"

"Na kukhu. Utaenda Webuye, ukae na nyanya yako. Ni miaka miwili tu."

"Miwili nitakuwa na kumi na miwili," Ivyne akasema, wala hakulia, na Nanjala angefurahi kama angelia.

Kituoni walikuwa wanawake ishirini na watatu. Walijifunza kupiga pasi kanzu, kutandika kitanda kikubwa kuliko chumba cha baadhi yao, kumbeba mwanasesere wa plastiki kana kwamba ana uhai. Wiki ya pili mwalimu wa Kiingereza hakuja. Naye alikuwa amepata kazi Qatar, ya ulinzi. Madam Virginia alisimama mlangoni akiuliza kama kuna anayeweza kusoma karatasi kwa sauti wenzake wairudie, na kabla Nanjala hajaamua, mkono wake ulikuwa juu. Alisoma mistari miwili. Madam Virginia akamkazia macho.

"Wewe ni mwalimu."

"Nilikuwa."

"Basi wafundishe mpaka viza yako itoke. Lakini soma yenye iko kwa karatasi tu. Usiwaletee mambo mengine ukawatisha, wasichana wanaogopa haraka."

Karatasi ilikuwa na sentensi kumi na tano. Ndiyo, madam. Sawa, madam. Nimemaliza, madam. Samahani, madam. Haitatokea tena, madam. Wote waliziimba pamoja kila asubuhi, msumeno wa mbao ukilia chini yao, na Nanjala alipita kati ya mabenchi akirekebisha. Hakugonga meza. Alikuwa na kalamu mkononi, na kila alipojikuta ameinyanyua aliishusha.

Siku aliyoarifiwa kwamba viza yake imetoka, na kwamba ataondoka Jumapili, alikwenda darasani kama kawaida. Walipofika sentensi ya kumi na tano, msichana wa benchi la nyuma, Ajwang, aliyekuwa mkimya tangu siku ya kwanza, aliinua mkono.

"Mwalimu, nikitaka kurudi nyumbani nasemaje?"

Nanjala alitazama mlango, ulikuwa umefungwa. Alitazama karatasi aliyoshika, ingawa alijua kilichomo, akaigeuza upande wa pili, na upande wa pili haukuwa na kitu. Akaiweka chini. Akachukua kalamu, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa, zilezile zenye mkia mzuri alizowaandikia watoto wa Loresho miaka tisa: I want to go home.

"Semeni," akawaambia.

Wakasema. Mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili kwa nguvu, kila mtu kwa ulimi wa kwao, wengine wakilivuta neno la mwisho, wengine wakilimeza. Mara ya tatu msumeno wa chini ukazimwa, na sauti zao zikabaki pekee chumbani, zikasikika hadi barabarani. Nanjala hakumrekebisha hata mmoja.

Kisha akaongeza sentensi nyingine chini yake, kuhusu paspoti, na nyingine, kuhusu ugonjwa, na nyingine, kuhusu kupiga simu kwa ubalozi. Wasichana waliinamia madaftari wakinakili bila kupumzika. Alipomaliza ubao ulikuwa umejaa. Akaifunika kalamu, akaenda kwenye nafasi yake katika benchi la pili, akaketi, akatoa daftari lake, na kuanza kuziandika naye.